Lori likilala chini asubuhi usikimbilie kununua baluni

Jioni limepakiwa likiwa juu vizuri, asubuhi limelala, na kabla hata injini haijawashwa mtu kashasema "baluni hiyo imekwisha". Hii ndo dhana inayokula hela nyingi kuliko zote. Baluni, yaani mifuko ya raba yenye hewa inayobeba lori, ni kitu kimoja tu kwenye mfumo wa suspensheni, kuna paipu za plastiki zinazosuguana na chesisi, kuna fitingi, kuna vali ya leveli inayoingiza na kutoa hewa ili lori likae kimo kilekile, kuna ile vali ya kushushia lori wakati wa kupakia, na kwenye kichwa kuna baluni za kabini na kiti cha dereva navyo vinakula hewa hiyohiyo. Anza na fitingi na paipu, kukagua ni bure.

"Limeegemea kushoto, basi linavuja kushoto." Inategemea lina vali ngapi za leveli. Kama ni moja, baluni zote zimeunganishwa na hewa inatembea kote, kwa hiyo ya kulia ikitoboka zote zinashuka, na lori la namna hiyo likiegemea upande mmoja we angalia mzigo ulivyopangwa, springi, bushi, vyuma vinavyoshika ekseli. Likiwa na vali mbili, kila upande na yake, hapo ndo kuegemea kunakwambia kitu, ila hata hapo tazama kwanza ule mkono wa vali kama haujapinda au kuchomoka.

"Sisikii shii, kwa hiyo halivuji." Tundu dogo halipigi kelele jamani. Jaza hewa mpaka kompresa ikate, zima injini, halafu paka maji ya sabuni ya vyombo, sabuni laini, manake zenye kemikali kali hasa amonia zinapasua fitingi za shaba. Na usipake ukaondoka, hapa ndo wengi wanakosea. Uvujaji mdogo hautoi mapovu makubwa, unakuta tu baada ya dakika moja au mbili kuna ukungu mweupe wa povu laini umejikusanya nyuma ya fitingi, upande ambao usingeuona bila tochi na kioo kidogo. Kwenye baluni pakague pale chini raba inapojikunja, na hapo panaonekana vizuri lori likiwa limeinuliwa, sasa NAOMBA usiingie chini ya lori linaloshikiliwa na hewa peke yake, weka stendi za chuma chini ya chesisi kwanza.

"Geji ya hewa haishuki, suspensheni iko salama." Sio hivyo. Kuna vali ya ulinzi inayofunga hewa ya tenki isiende kwenye suspensheni presha ikishuka, kwa kawaida kwenye psi (kipimo cha presha) 60 hadi 70 hivi kutegemea lori, ili breki zibaki na hewa yake. Ikishafunga geji inatulia huku baluni zinaendelea kuisha taratibu. Halafu hata kipimo cha geji chenyewe, Marekani kwenye mtihani wa leseni lori lisilo na tela linatakiwa lipoteze chini ya psi 2 kwa dakika, injini imezimwa na breki haijakanyagwa. Ni sawa kwa usalama wa breki, lakini hata psi 1 kwa dakika ni 60 kwa lisaa, na usiku una masaa mangapi? Kwa hiyo limefaulu mtihani na asubuhi limelala, vyote vinawezekana. Bora upime kwa futi, kutoka chesisi hadi ekseli kila upande, uandike kwa chaki, upime tena asubuhi. Likishuka sentimita moja mbili tu baada ya usiku wa baridi usihangaike sana, hewa ikipoa inasinyaa yenyewe.

"Vali ya leveli inatoa hewa, imekufa." Ukishusha mzigo lazima itoe, ndo kazi yake. Chomoa kile kijiti kinachounganisha mkono wa vali na ekseli, ukae pembeni mbali na baluni, weka huo mkono wa vali katikati usubiri, vali nyingi zinachelewa sekunde kadhaa kujibu. Ikiendelea kupuliza ikiwa katikati, hiyo kweli mbovu. Ila ukifunga mpya bila kuangalia draya, kile kifaa cha kukausha hewa, maji na oili vikipita vitaua na hiyo mpya.

"Si kompresa inajaza tu?" Inajaza, ndio, lakini kompresa inayofanya kazi muda wote inapata moto, inarusha oili, na draya haipati nafasi ya kutema maji, mwisho maji yanafika kwenye vali zote zikiwemo za breki.

Kuhusu kuziba, tepu nyeupe ya mabomba haiendi kwenye fitingi ya kuchomeka, inaenda kwenye nyuzi za skrubu zinazojikaza tu, na hata hapo acha uzi wa kwanza wazi kwa sababu vipande vikikatika vinaishia ndani ya vali. Fitingi ya kuchomeka ikivuja mara nyingi ni ncha ya paipu ina mikwaruzo au imekatwa mshazari, kata sentimita moja kwa wembe mkali, wima kabisa, rudisha mpaka iguse mwisho. Baluni yenyewe haizibwi kwa gundi wala kiraka cha tyubu, ndani ya raba kuna nyuzi za kitambaa ndizo zinazobeba mzigo. Nyufa nyembamba za juu juu zinavumilika, ukishaziona zile nyuzi badilisha.