Uungwana baina ya wenye magari-nyumba ya zamani: dhana potofu na ukweli

Magari yenye kitanda, jiko na tangi la maji ndani yake, yaliyotengenezwa kati ya miaka ya 1960 na 1980, bado yanaonekana Arusha na Moshi: Kombi za Volkswagen zenye paa la kuinuka, Land Rover ndefu zilizogeuzwa chumba cha kulala, na malori madogo ya Kijerumani yanayoletwa na wasafiri wanaolivuka bara kwa barabara. Wanaoyamiliki si wengi, na kwa sababu hiyo wanategemeana sana. Fundi wa Unga Limited, mtaa wa Arusha, anaweza kuijua injini hadi msumari wa mwisho lakini akawa hajawahi kuifungua friji ya gesi, na mwenye gari anaweza kuifahamu friji yake vizuri lakini asijue kwa nini kluchi inateleza. Maswali na majibu hupita kwenye simu, mara nyingi kati ya watu ambao hawajawahi kuonana, na humo ndimo adabu inamoeleweka vibaya, kwa kuwa wengi huichukulia kuwa ni upole wa maneno tu. Upole unahitajika, lakini kwa gari la umri huu uungwana wa mtu hupimwa zaidi kwa ukamilifu wa taarifa anayompa mwenzake.

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba mwungwana ni yule anayejibu upesi. Mtu anauliza kwa nini Kombi yake inakula mafuta na kutoa moshi mweusi, na muda si muda ameshaambiwa: "Punguza jeti ya kabureta, mimi nilipunguza na gari likatulia." Kabureta ndiyo inayochanganya petroli na hewa, na jeti ni kitundu chake kinachopima petroli inayopita. Jibu limetolewa kwa moyo mweupe, lakini limekuja bila masharti yake, na katika jambo hili masharti ndiyo jibu lenyewe. Tanga iko usawa wa bahari, mji wa Arusha uko karibu mita 1,400, na ukingo wa kreta ya Ngorongoro unafikia takriban mita 2,300. Kadiri gari linavyopanda ndivyo hewa inavyokuwa nyepesi, na kabureta nyingi za zamani hazina namna ya kulitambua hilo. Huendelea kumimina petroli karibu ileile, mchanganyiko unazidiwa na mafuta, plagi zinashika masizi makavu meusi, na nguvu inashuka. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila mita 300 za kupanda, kwa hiyo gari lililofika Arusha kutoka pwani limeshapoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi kabla hata halijaharibika chochote.

Sasa tumfikirie aliyepunguza jeti akiwa Karatu, akaridhika, akamshauri mwenzake anayejiandaa kushuka Tanga. Huko chini hewa ni nzito, na jeti ndogo hutoa petroli pungufu kuliko injini inavyohitaji, na injini inayokosa petroli ya kutosha hupata joto kali. Kombi ya aina ile hupozwa kwa hewa. Haina redieta itakayochemsha na kumwonya dereva, hivyo anaweza kwenda safari nzima bila kujua kwamba vali za moshi zinaungua. Ndiyo maana anayejibu kwa uungwana hutaja injini yake na aina ya kabureta, namba ya jeti ya zamani na ya mpya, mahali alipokuwa alipoibadilisha, na mahali pa chini kabisa alipowahi kufika tangu hapo. Jibu linalosubiri jioni, mtu arudi nyumbani asome namba iliyochongwa kwenye jeti kwa tochi, lina heshima kubwa kuliko la papo kwa papo.

Anayeuliza naye ana dhana yake, kwamba maelezo marefu ni kuwasumbua watu. Ndipo unakuta ujumbe kama huu: "Wakuu, friji haipozi, msaada tafadhali." Unyenyekevu upo, lakini hakuna kitu ambacho mtu anaweza kukishika. Friji nyingi za magari haya hufuata ubunifu wa mwaka 1922 wa Wasweden wawili, Baltzar von Platen na Carl Munters. Friji ya aina hiyo haina kompresa wala kitu chochote kinachozunguka; joto la mwali mdogo wa gesi au la umeme huchemsha mchanganyiko wa maji na amonia, na kimiminika hurudi chini kwa uzito wake mwenyewe kupitia mabomba yaliyopinda. Friji ya zamani ikiegeshwa mteremkoni, mzunguko huo hukwama, na ikiachwa ikiwaka hivyo kwa muda mrefu mabomba yanaweza kuharibika kabisa. Viwanja vingi vya Marangu vina mteremko. Kwa hiyo swali la kwanza ambalo mwenye ujuzi atauliza ni kama gari limesimama sawasawa, la pili ni kama friji inagoma kwa gesi tu au hata kwa umeme, na la tatu ni mwaka na muundo wake. Mtu aliyeyaeleza hayo tangu mwanzo amewapunguzia wengine kazi. Vipimo navyo viandikwe kwa ukamilifu: galoni ya Uingereza ni lita 4.55 na ya Marekani ni lita 3.79, na nati iliyokazwa na mtu aliyechanganya pauni-futi na nyutoni-mita, vipimo viwili vya nguvu ya kukazia, ama italegea njiani ama itang'oa meno ya aluminiamu.

Dhana ninayoiona ya hatari kuliko zote inasema kwamba kumsahihisha mtu mzima mbele ya wengine ni kumvunjia heshima. Katika malezi yetu jambo hili lina uzito, na silidharau. Lakini kuna makosa ambayo ukiyanyamazia yanaua. Mtu akiiacha lami kwenye lango la Ngorongoro kuelekea Serengeti, vumbi laini kama unga huingia kila pembe ya gari. Jioni mwenye gari hupiga magoti kutafuta linapopenyea, na hukuta matundu mawili matatu kwenye sakafu ya kabati la mtungi wa gesi, yamefunikwa kwa wavu ulioshika kutu. Anayaziba kwa silikoni, anapiga picha, anawatumia wenzake, na pongezi zinamiminika. Matundu yale yaliwekwa kwa makusudi. Gesi ya kupikia ni propani na butani. Ya kwanza ni nzito kuliko hewa kwa takriban mara moja na nusu, ya pili kwa takriban mara mbili. Ikivuja haipandi kwenda dirishani, bali hushuka sakafuni, na tundu la sakafuni ndiyo njia yake ya kutokea. Tundu likizibwa, gesi hujaa kabatini, ikapenya hadi kwenye chumba wanamolala watu, na asubuhi mtu anawasha kiberiti apike chai.

Kijana anaweza kulisema hili bila kumdhalilisha mkubwa wake. "Shikamoo mzee, hongera kwa kazi safi, ila naomba uyazibue matundu hayo leo kabla ya kulala," kisha aeleze sababu, na apendekeze wavu mpya pamoja na raba mpya ya mlango wa kabati, maana vumbi jingi hupita hapo. Alieleze palepale picha ilipoonekana. Ujumbe wa pembeni humwokoa mmoja na kuwaacha wale ambao wameshanunua silikoni.

Uzito huohuo uko kwenye regulata, kifaa kinachopunguza msukumo wa gesi inayotoka mtungini. Majiko mengi ya Kijerumani ya zamani yalitengenezwa kwa msukumo wa milibari 50, ilhali mengine mengi hutumia takriban milibari 30, na jiko la milibari 30 likifungiwa regulata ya milibari 50 hutoa mwali mrefu wa manjano unaoyumba. Kipimo kimeandikwa kwenye kibati cha jiko. Asiyekisoma asimshauri mtu. Uko pia kwenye breki: ushauri kwamba mafuta yoyote yanafaa kujazia ni wa kukanushwa mara moja, kwa sababu mafuta ya kawaida ya mashine huvimbisha raba za mfumo wa breki, na gari zito likiteremka ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Mto wa Mbu halina nafasi ya majaribio.

Wengine huamini kwamba chanzo cha spea ni siri ya kulindwa, wakihofu kwamba duka likijulikana spea zitaisha. Kwa vitu vingi hofu hii haina msingi. Beringi yenye namba 6203 ina tundu la milimita 17, kipenyo cha nje cha milimita 40 na unene wa milimita 12, iwe imetoka Ujerumani au China, na namba hiyohiyo imo kwenye mashine chungu nzima zisizohusiana na magari. Sili za mafuta nazo huandikwa vipimo vitatu, cha ndani, cha nje na cha unene. Anayetuma namba hizo humwezesha mwenzake aliye Moshi kwenda dukani na kurudi na kitu badala ya kusubiri kifurushi kutoka Ulaya, na mwenye duka anayeulizwa kitu kilekile na watu kadhaa huona sababu ya kukiweka. Vile visivyo na mbadala, kama kioo cha mbele cha muundo fulani, ni suala jingine, na hapo ninamwelewa anayesita.

Kuna pia wanaodhani kwamba ujuzi wa fundi, akishalipwa, ni mali ya aliyelipa. Kama ni fundi aliyegundua kwamba tatizo ni waya wa ethi, ule unaounganisha umeme na bodi ya gari, ulioliwa na kutu, aombwe ruhusa na atajwe kuwa ndiye aliyeligundua, kwa kuwa kazi nyingine humfikia kwa njia hiyo.

Mwisho ni dhana kwamba neno asante linamaliza mazungumzo. Watu watano wametoa mapendekezo matano. Mwuliza anashukuru na kupotea, na anayelisoma swali lilelile mwakani hajui lipi lilitibu. Arudi aseme gari lilikutwa na nini, kilibadilishwa kitu gani, na kwa gharama ipi. Na kama baada ya miezi mitatu ugonjwa umerudi, arudi tena aliseme hilo chini ya ujumbe wake wa kwanza, kwa maana ule wa "limepona" bado upo na bado unafuatwa.