Chicago: Nani aliipa reli ufukwe wa ziwa?

Ukiona treni zinavyokatiza Grant Park, bustani ya umma ya kando ya ziwa, ni rahisi kudhani kampuni ya reli iliwazidi nguvu madiwani wa Chicago ikajitwalia ufukwe wa Ziwa Michigan. Sivyo. Mwaka 1852 baraza la jiji lenyewe ndilo lililoipa kampuni hiyo, Illinois Central, njia ziwani, tena kwa shida zake: mawimbi yalikuwa yakiimega ardhi kando ya Michigan Avenue, na jiji halikuwa na fedha za kujenga ukuta wa kuyazuia. Sharti likawa hilo: jengeni ukuta, mpitishe reli. Ndiyo maana reli ilisimama juu ya nguzo ndani ya maji, mbele ya madirisha ya matajiri, ambao hawakufurahi hata kidogo. Baada ya moto mkubwa wa 1871, vifusi vilimwagwa kati ya reli na barabara, pakawa nchi kavu.

Penye harufu ya ulafi ni 1869, na hapo si madiwani: bunge la jimbo la Illinois liliigawia kampuni zaidi ya ekari 1,000 za ardhi iliyo chini ya ziwa. Likajirudi 1873, na 1892 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua, kwa kura 4 dhidi ya 3, kwamba lilikuwa na haki ya kujirudi.