Siku za Mwisho na Toba: Kwa Nini Hofu Haitoshi

Mkristo akisema tuko katika siku za mwisho, wengi hufikiria miaka michache iliyobaki kabla dunia haijateketea. Agano Jipya linaanza kuhesabu mapema zaidi. Siku ya Pentekoste, kule Yerusalemu, Petro aliuambia umati kwamba waliyokuwa wakiyaona ndiyo yaliyotabiriwa na nabii Yoeli kuhusu siku za mwisho. Yaani kwa imani ya Kikristo kipindi hicho kilianza na ujio wa Kristo mwenyewe, karibu miaka 2,000 iliyopita, na kitafungwa atakaporudi. Watu walipochomwa moyo wakauliza wafanye nini, Petro hakuwatajia tarehe. Aliwaambia watubu, wakabatizwe kila mmoja wao. Tangu hapo mafundisho haya mawili hayatenganishiki.

Kuhusu mwisho wenyewe, karibu makanisa yote yanakiri mambo yale yale: Kristo atarudi, wafu watafufuka, wanadamu watahukumiwa, na kutakuwa na mbingu mpya na nchi mpya. Wanatofautiana kwenye mpangilio, hasa juu ya unyakuo (waumini kuchukuliwa juu kumlaki Kristo), dhiki kuu (kipindi cha mateso makubwa) na ile miaka 1,000 ya utawala wa Kristo katika Ufunuo 20, ambayo wengine huisoma kama miaka halisi na wengine kama lugha ya mfano. Mabishano hayo ni marefu, lakini hayabadilishi wito wa toba.

Kinachoubadilisha, tena kwa hatari, ni kupanga tarehe. Yesu alisema siku ile na saa ile hakuna aijuaye ila Baba peke yake. Hata hivyo William Miller, mkulima na mhubiri wa Kibaptisti nchini Marekani, alipiga hesabu kutoka kitabu cha Danieli, na wafuasi wake wakaisubiri Oktoba 22, 1844. Wapo walioacha mazao yao shambani bila kuyavuna. Siku ikapita. Kwetu imekuwa mbaya zaidi. Kanungu, Uganda, Machi 2000, mamia waliteketea kwa moto katika jengo la kundi lililokuwa likihubiri mwisho wa dunia. Shakahola, Kilifi, Kenya, mwaka 2023, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, wengi wao wakiwa wamekufa kwa njaa, na watoto walikuwemo. Inaniuma kila nikikumbuka, kwa sababu wengi wa watu wale walikuwa wakimtafuta Mungu kweli. Walipewa hofu wakaambiwa ndiyo imani.

Toba ni kitu kingine. Yuda aliyemsaliti Yesu alijuta, hata akazirudisha fedha, kisha akaenda kujinyonga. Petro naye alilia kwa uchungu usiku Yesu alipokamatwa, lakini akarudi kwa Bwana wake aliyekuwa amemkana. Majuto wanayo wote wawili. Toba inaonekana kwa huyu aliyerudi.

Tena inaonekana mikononi. Yohana Mbatizaji alipohubiri hasira itakayokuja, akasema shoka limekwisha kuwekwa penye mashina ya miti, watu walimuuliza wafanye nini. Majibu yake yalikuwa ya kila siku kabisa: mwenye kanzu mbili ampe asiye nayo, mtoza ushuru asitoze zaidi ya alivyoamriwa, askari asidhulumu mtu na atosheke na mshahara wake. Hakumwambia yeyote aache kazi akangoje mlimani. Paulo naye, aliposikia kwamba baadhi ya waumini wa Thesalonike wanazurura bila kufanya kazi, aliandika kwamba asiyetaka kufanya kazi, na asile.

Uamsho wa Afrika Mashariki, vuguvugu la Kikristo la toba lililowaka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 na kuenea hadi Uganda, Burundi, Kenya na Bukoba, ulilielewa hili vizuri sana. Waliookoka walisimama mbele ya wenzao wakaungama dhambi zao kwa kuzitaja, kisha wakavirudisha walivyoiba na kulipa madeni waliyokuwa wameyakwepa. Zakayo alifanya vivyo hivyo kule Yeriko aliposema atarudisha mara nne.

Panapotokea tetemeko, mafuriko au vita, utasikia watu wakisema hizo ni dalili, na papo hapo wanaanza kuhesabu dhambi za waliofikwa. Yesu aliletewa habari za namna hiyo, akawataja wale 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu, akauliza kama walikuwa wakosaji kuliko wenyeji wengine wote wa Yerusalemu. Akasema sivyo; lakini msipotubu, ninyi nyote mtaangamia vivyo hivyo. Kwake ajali ya jirani haikuwa ushahidi dhidi ya jirani. Ilimrudisha msikilizaji kwenye nafsi yake.

Na mbona Kristo anakawia? Waraka wa pili wa Petro unajibu kwamba Bwana hakawii, bali anavumilia, kwa kuwa hapendi mtu yeyote apotee. Muda huo Mkatoliki anautumia kwenye kitubio, akiungama kwa padri na kupewa malipizi. Mprotestanti mara nyingi huungama kwa Mungu moja kwa moja, au pamoja na kanisa zima katika ibada. Lakini aliyemnyang'anya ndugu yake shamba, wa kanisa lolote, amri aliyoitoa Yesu mlimani ni ile ile: aiache sadaka yake mbele ya madhabahu, aende kwanza akapatane na ndugu yake, kisha arudi aitoe.