"Dokta, mafua yalishaisha"

Mama akiniambia mtoto ana mafua, sishtuki. Ninachoogopa ni hiki: "Dokta, mafua yalishaisha, juzi alikuwa anacheza." Wiki iliyopita nilikisikia tena. Mtoto wa miaka miwili, amelegea, pua zinapanuka kila akivuta hewa. Nilipofunua kanga niliona kifua kinabonyea chini ya mbavu. Nikahesabu pumzi dakika nzima, maana nusu dakika hudanganya: 58. Kwa umri wake, kuanzia 40 tayari ni kasi. Wa miezi 2 hadi 11, kuanzia 50.

Homa ikishuka siku mbili kisha ikarudi na kupumua kwa shida, mara nyingi bakteria wamefuata nyayo za virusi na kuleta nimonia.

Wametoka wapi? Walikuwemo. Nimokokasi, bakteria anayesababisha nimonia, hukaa nyuma ya pua za watoto wengi wenye afya bila kuwasumbua. Njia ya hewa ina ute na vinyweleo vidogo mno vinavyopiga kama makasia, vikisukuma uchafu juu tuumeze au tuuteme. Kirusi cha influenza, yaani mafua makali, huua seli zenye vinyweleo hivyo. Kisha kimeng'enya chake hukata sukari zilizofunika uso wa seli, na bakteria hupata pa kung'ang'ania. Kinga nayo inaponza: kemikali ambazo mwili hutoa kupambana na kirusi huzipunguzia seli walinzi wa mapafu uwezo wa kumeza bakteria. Mlango umevunjwa, na mlinzi yuko upande wa pili wa nyumba.

Mapafu yaliyohifadhiwa ya waliokufa katika janga la influenza la 1918 yalipochunguzwa upya, matokeo yakatoka 2008: karibu yote yalikuwa na dalili za nimonia ya bakteria. (Enzi hizo wengi walimlaumu bakteria aliyeelezwa na Richard Pfeiffer mwaka 1892. Hadi leo anaitwa Haemophilus influenzae, jina la kusingiziwa. Kirusi chenyewe kilipatikana kwa binadamu 1933.)

Ila ushahidi ninaoupenda zaidi ni wa Afrika Kusini. Mwaka 2004, watafiti Shabir Madhi na Keith Klugman walionyesha kwamba chanjo ya nimokokasi ilipunguza kwa asilimia 31 watoto kulazwa kwa nimonia iliyokutwa na virusi. Chanjo haigusi virusi hata kidogo! Maana yake, bakteria walikuwemo katika nimonia hizo. Ndiyo maana nawasumbua kina mama kuhusu zile za wiki ya 6, 10 na 14.

Amoksilini siku ya kwanza ya mafua? Hapana. Haiui kirusi, na inawabakiza bakteria sugu.

Yule mtoto alikataa hata maji, kwa hiyo tulianza na oksijeni na dawa za sindano. Mama aliniuliza kama muuza duka la dawa alimdanganya aliposema ni mafua tu. Hakumdanganya. Siku ile yalikuwa mafua.