Kwa nini bibi anakumbuka karafuu za utotoni na kusahau dawa za asubuhi?

Muulize bibi wa Pemba aliyezaliwa miaka ya 1940 kama ameshakunywa dawa zake leo, huenda akasita. Muulize msimu wa karafuu ulikuwaje alipokuwa kigori, atakueleza mpaka mkarafuu upi ulizaa sana na ulisimama wapi. Wajukuu hudhani anajisahaulisha. Sivyo.

Jambo jipya hupokelewa na sehemu ndogo iliyo ndani ya ubongo, hipokampasi. Lililokumbukwa na kusimuliwa miaka na miaka huota mizizi kwenye gamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje, likawa haliitegemei tena sana sehemu ile. Uzee huidhoofisha hipokampasi, kwa hiyo ya leo hayashiki vizuri huku ya zamani yamebaki. Mwanasaikolojia Mfaransa Théodule Ribot aliliandika hilo mwaka 1881: kumbukumbu za karibuni ndizo zinazotangulia kupotea.

Wazee wengi hukumbuka zaidi mambo ya umri wa miaka 10 hadi 30, maana ndipo mtu anapoanza kazi, anapoolewa, anaposhika mtoto wake wa kwanza. Kwa bibi huyu, Mapinduzi ya 1964 yaliangukia humo humo.

Ila linalonigusa mimi zaidi ni mikono. Karafuu zikishachumwa, jioni wanawake na watoto hukaa chini kuzichambua: unashika kishada, unakisugua kwenye kiganja, karafuu zinadondoka huku, makonyo, vijiti vyake, yanabaki kule. Kesho yake zinaanikwa juani kwenye majamvi. Ujuzi wa namna hiyo hutunzwa kwingine ubongoni, ndiyo maana bibi aliyesahau majina ya wajukuu bado anachambua bila kuangalia. Na harufu ya karafuu mbichi inamrudisha mbali kuliko picha yoyote, kwa sababu njia ya harufu hupita karibu kabisa na sehemu za hisia na kumbukumbu.

Kusahau dawa siku moja moja ni uzee. Kupotea njia ya nyumbani, au kurudia swali lile lile kila baada ya dakika chache, hilo ni la kupeleka hospitali.

Ukitaka akusimulie, usianze na mwaka. Anza na kazi: nani alipanda juu kuchuma, nani aliokota mpeta, karafuu zilizoanguka chini, na pishi moja ililipwa nini.