Kwa nini dawa ya TB hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango?

Mwanamke anayeanza dozi ya kifua kikuu yenye rifampisini huonywa kwamba vidonge vyake vya kuzuia mimba asivitegemee tena. Wengi hudhani dawa hizo mbili zinagombana tumboni. Wala hazigusani. Shina la jambo hili liko kwenye ini, ndani ya seli, kwenye jeni moja.

Binadamu ana jeni 57 za ukoo uitwao P450, na kila moja hubeba maelekezo ya kutengeneza kimeng'enya chake, yaani protini inayoharakisha kazi za kikemia mwilini. Kwa upande wa dawa, fahali wa zizi ni CYP3A4, ambaye jeni yake iko kwenye kromosomu ya 7. Huvunjavunja sehemu kubwa ya dawa tunazomeza, zikiwemo homoni za vidonge hivyo.

Jeni, hata hivyo, haijiamulii itasomwa mara ngapi. Mbele yake kuna vipande vya DNA visivyotengeneza protini yoyote, kazi yake ni kupokea amri tu. Jeni ya CYP3A4 inavyo karibu, na ina vingine mbali kabisa, herufi zipatazo 7,500 za DNA kabla ya pale usomaji unapoanzia. Amri huletwa na protini iitwayo PXR, iliyogunduliwa mwaka 1998. Rifampisini ikiingia kwenye seli ya ini hunasa ndani ya PXR. PXR huungana na mwenzake RXR, wawili hao hushika vile vipande, na jeni huanza kusomwa kwa kasi. Kimeng'enya hurundikana siku baada ya siku, hadi homoni inavunjwa kabla haijafanya kazi yake.

PXR haichagui sana wageni. Mfuko wake wa kunasia ni mpana na unanyumbulika, nadhani kwa sababu kazi yake ni kushtukia kemikali ngeni za kila aina. Ila ya panya haitikisiki kwa rifampisini kama yetu, kwa hiyo anayetegemea panya wa maabara pekee angeweza kusema mgongano huu haupo!

Kuacha rifampisini hakurudishi mambo siku hiyohiyo, maana vimeng'enya vilivyokwisha kutengenezwa lazima viishe kwanza. Ndiyo sababu mwanamke hushauriwa aendelee na kinga nyingine kwa wiki 4 baada ya dozi kwisha. Kitanzi cha shaba hakiathiriki, kwa kuwa hakina homoni ya kuvunjwa, na sindano ya miezi mitatu nayo huhimili. Vipandikizi ndivyo vya kujadiliana na mhudumu wa afya.

PXR huamsha pia jeni ya UGT1A1, inayohusika na kuondoa mwilini dolutegravir, dawa ya kudhibiti VVU. Kwa hiyo mtu mzima mwenye VVU anayetibiwa TB kwa rifampisini humeza dolutegravir miligramu 50 mara mbili kwa siku badala ya mara moja.