Mungu kuruhusu majaribu: Wakristo wanamaanisha nini?

Kwenye Barabara ya Nkrumah hapa Mombasa, Wakatoliki wa kanisa kuu la Holy Ghost, katika sala ya Baba Yetu, wanasali "usitutie katika kishawishi". Barabara hiyo hiyo, Waanglikana wa Memorial Cathedral wanasali "usitutie majaribuni". Anayeyasikiliza maneno hayo kwa makini atauliza: kwani ni Mungu anayetutia? Wala kuuliza hivyo si utovu wa imani. Papa Francis mwenyewe alilizungumzia mwaka 2017, akasema baba hamsukumi mwanawe aanguke, na mwaka 2019 akaidhinisha tafsiri ya Kiitaliano ya sala hiyo ambamo waumini wanamwomba Mungu asiwaache kishawishini.

Jibu la zamani la Kanisa limo katika neno kuruhusu. Mungu hataki uovu, hamsukumi mtu kuutenda, lakini haondoi kila nafasi ya kuutenda. Waraka wa Yakobo unasema wazi kwamba Mungu hamjaribu mtu kwa maovu. Mtu huvutwa na tamaa yake mwenyewe. Katika kitabu cha Ayubu, Shetani anapewa ruhusa, na ruhusa yenyewe ina mpaka: mali aiguse, Ayubu mwenyewe asimguse. Baadaye mpaka unasogezwa, ila uhai wake haukuachwa mikononi mwa Shetani hata mara moja.

Chukua mchukuzi wa mizigo pale soko la Kongowea. Mwezi umekwisha, mwenye nyumba anabisha hodi kila asubuhi. Simu inalia: shilingi 6,000 zimeingia M-Pesa kutoka nambari asiyoijua. Kabla hajaelewa, anapigiwa. "Samahani ndugu yangu, nimekosea nambari. Hiyo ni karo ya mtoto." Ajenti yuko hatua chache tu, na kodi ni deni la kweli. Hapo Wakristo hawasemi Mungu alimtegea mtego. Shida yake si dhambi, na pesa zenyewe si dhambi. Kinachoanza kumvuta ni lile wazo kwamba mwenye pesa hamjui na hatamfikia. Lakini pia, kama mkono wake ungegoma wenyewe kila akitaka kuzitoa, kuzirudisha kusingekuwa uaminifu wake. Kungekuwa ni mtambo tu umefanya kazi. Mungu anayetaka kupendwa na kutiiwa na watu, si na mitambo, ameacha nafasi hiyo ya kukataa iwe ya kweli.

Aliyelifikiria jambo hili kwa kina kuliko wengi ni Agostino (354–430), askofu wa Hippo, katika nchi ambayo leo ni Algeria. Katika ujana wake aliwafuata Wamani, waliofundisha kwamba uovu ni nguvu inayojitegemea na kupigana na Mungu. Alipoachana nao alisema uovu si kitu kilichoumbwa; ni upungufu wa wema, nao unaanza pale utashi wa kiumbe unapoacha wema mkubwa na kushika mdogo. Na Mungu, alisema, aliona afadhali kutoa mema katika mabaya kuliko kutoyaacha mabaya yawepo kabisa.

Ireneo, askofu wa Lyon katika Ufaransa ya leo, karne ya 2, alipita njia nyingine. Kwake yeye binadamu wa kwanza walikuwa kama watoto: wema, lakini hawajakomaa, na utu uzima wa roho hauji bila kuchagua. Mimi naegemea kwa Ireneo, kwa sababu anaeleza kinachowatatiza waumini wengi: kwa nini majaribu hayakomi mtu akishaokoka.

Hata hivyo, hoja ya uhuru ina mahali inapokwama. Anayechagua vibaya mara nyingi siye anayeumia. Mtoto aliyedhulumiwa na mtu mzima hakuchagua chochote, na kumwambia mamake kwamba Mungu anaheshimu uhuru wa binadamu ni kumwongezea kidonda. Sioni kwamba Ukristo una hoja ya kutosha hapo. Ulicho nacho ni habari ya Mungu aliyekuja akayapata hayo mwenyewe: Yesu alijaribiwa jangwani akiwa na njaa, kisha akauawa kwa uchaguzi wa watu wengine. Waraka kwa Waebrania unasema alijaribiwa sawasawa na sisi, bila kufanya dhambi.

Kuruhusiwa kwa majaribu, basi, hakumpi mtu ruhusa ya kuyatafuta. Paulo anawaambia Wakorintho kwamba Mungu hawaachi wajaribiwe kupita wawezavyo, na kwamba pamoja na jaribu huweka mlango wa kutokea. Kwa yule mchukuzi, mlango huenda ukawa kumpa mkewe simu kabla hajafika kwa ajenti.

Yesu mwenyewe aliwaambia wanafunzi wake kule Gethsemane: "Kesheni, mwombe, msije mkaingia majaribuni." Walilala. Usiku huo huo Petro akamkana mara tatu. Walipokutana tena ufuoni, kama anavyosimulia Yohana, Yesu hakumdai maelezo ya usiku ule. Alimuuliza mara tatu kama anampenda, akamwacha ajibu mwenyewe, na kila alipojibu akamkabidhi kondoo.